Zamu ya Sudan Kusini

Mama yangu ni fundi wa nguo hapa Makutano, mjini Meru. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mimi na yeye tunafungua kibanda, nafagia vipande vya vitambaa vilivyoanguka chini ya cherehani, kisha natundika mlangoni gauni moja la kuvutia wateja. Malori yanapita yakipiga honi, wauza ndizi wanagombania mahali pa kukaa, na Mama ananiuliza swali lile lile: "Ntinyari, umekunywa uji au umeumwaga?" Huwa nimekunywa. Nalisema hilo mapema ili mjue kwamba mimi si mtu wa uongo. Uongo nitakaowasimulia ulikuwa mmoja tu, lakini ulinitosha.

Mwaka ule nilikuwa Gredi ya Saba, na nilikuwa Tanzania. Sifanyi mzaha. Shule sita, tatu za Meru na tatu za Embu, zilikuwa zimeunda chama kilichoitwa Baraza Dogo la Jumuiya. Kila shule ilipewa nchi moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jumuiya yenyewe ina nchi nane, lakini shule tulikuwa sita, kwa hivyo Somalia na Kongo zilibaki bila watu. Jumamosi moja kila mwezi wajumbe tulikutana, mwezi huu Embu, mwezi ujao Meru. Tulijadili biashara ya mipakani, maji, magonjwa, na mara nyingine chakula cha mchana kilichochelewa.

Katika Jumuiya ya kweli, marais hupokezana uenyekiti. Sisi pia tulipokezana, muhula kwa muhula, tukifuata alfabeti. Hakukuwa na kura wala kampeni. Ulingoja mpaka zamu ya nchi yako ifike. Rwanda ilikuwa imeongoza muhula wa kwanza, Sudan Kusini ingeongoza muhula wa pili, kisha ingekuja Tanzania, yaani mimi.

Sasa sikilizeni kilichokuwa kikiniuma. Muhula wa pili ni mrefu, na mwisho wake, mwezi wa Julai, kuna kikao kikuu, ambacho siku zote hufanyika Meru. Wazazi wanakuja, wageni wa kaunti wanakuja, redio inatangaza. Muhula wa tatu ni wa mitihani. Mwenyekiti wa muhula wa tatu hufungua kikao kimoja, hukifunga, kisha huenda kusoma hesabu. Nilikuwa nimelalamika kuhusu jambo hilo mpaka Mama akachoka kunisikia.

Mjumbe wa Sudan Kusini alikuwa Ngari, mvulana wa miaka kumi na mitatu kutoka shule ndogo kule Mbeere, chini ya Embu, ambako kuna joto na mashamba ya ndengu. Alikuwa mwembamba, na sauti yake ilikwaruza kidogo kama ya mtu aliyetoka kuamka. Kila aliposimama alianza vivyo hivyo: "Mheshimiwa mwenyekiti, nina swali dogo tu." Kisha aliuliza maswali matatu makubwa mpaka mwenyekiti akaomba maji ya kunywa. Tulimcheka sana, na tulimpenda.

Wiki ya kwanza ya muhula wa pili, Nelius alinipigia kwa simu ya mama yake. Nelius alikuwa mjumbe wa Kenya na karani wa Baraza. Anaishi mtaa wa Dallas, mjini Embu, na habari za huko humfikia kabla ya mtu mwingine yeyote.

"Ntinyari, umesikia? Ngari amekufa."

"Ngari gani?"

"Ngari wetu. Sudan Kusini. Alishikwa na malaria wakati wa likizo, ikampanda kichwani. Wameshamzika."

Nilikaa juu ya furushi la vitambaa nikalia. Nililia kweli, sikujifanya. Nelius naye alikuwa analia, nikawa nasikia pumzi yake tu. Mwishowe akauliza kwa sauti ya chini, "Na kile kiti chake? Mimi hata kukigusa sitaki. Nyanya yangu amesema kiti cha mtu aliyekufa hakikaliwi ovyo ovyo."

 Maneno hayo yalienda haraka. Kabla ya wiki kwisha, wajumbe wote walikuwa wameapa kwamba hawatakaribia kiti kile, na hata jina la Ngari likaacha kutajwa. Watu walisema "yule" au "yule wa Mbeere", kisha wakabadilisha mazungumzo.

Siku ya Ijumaa, Mwalimu Marete aliniita katika chumba cha walimu. Yeye ndiye mlezi wa Baraza. Ni mtu mpole, mwenye miwani anayoivua kila anapofikiri.

"Ntinyari," akasema, "kwa utaratibu wetu, nchi inayofuata ndiyo humsaidia mwenyekiti kujiandaa. Kwa hivyo hii kazi ni yako. Pigia shule yao. Kwanza toa pole, pole pole, usikimbilie mambo ya Baraza. Halafu uliza kama watatuma mjumbe mwingine. Wakitaka, zamu ni yao vile vile. Wakisema hawawezi, tutawaelewa."

Akanipa simu yake, akaenda darasani.

Mwalimu aliyepokea upande wa pili aliitwa Kaimenyi. Nilitoa pole, akakohoa. "Asante kwa kutukumbuka," akasema. "Tumeumia sana hapa. Lakini zamu yetu tutaichukua. Tumemchagua dada yake, Ruguru, wa Gredi ya Sita. Amesoma madaftari yote ya kaka yake. Tuambieni tu tarehe na mahali."

"Tutawatumia barua, mwalimu," nikasema.

Wakati huo nilikuwa sijapanga lolote. Nawaambia hivyo si kwa kujitetea, ni kwa sababu bado linanishangaza. Mwalimu Marete aliporudi, alikuwa na chaki vidoleni na vitabu kwapani.

"Haya, wamesemaje?"

"Wamesema hawataweza muhula huu."

Maneno yalitoka laini kabisa, kana kwamba yalikuwa yamekaa mdomoni yakiningoja. Mwalimu akavua miwani. "Maskini," akasema. "Basi tusiwasumbue. Zamu ije kwako, nao wataingia baadaye wakishapata nguvu."

Nilirudi darasani nikijiambia kwamba nimewasaidia. Nani anataka kukaa mahali pa mtu aliyekufa? Huyo Ruguru mwenyewe pengine alikuwa anaogopa, ila hakuwa na mtu wa kumwambia. Barua sikuiandika. Jioni nilimwambia Mama kwamba nitakuwa mwenyekiti, naye akaacha cherehani, akachukua tepu, akaanza kunipima kifua na kiuno ili anishonee gauni la kitenge la kikao kikuu.

Kikao cha Mei kilikuwa Embu. Kwa kuwa mwenyekiti huketi mbele, shule inayoongoza huleta mjumbe wa pili wa kukaa mahali pa nchi yake. Mimi nilileta Mutuma wa Gredi ya Sita, mtoto mcheshi ambaye siku hiyo hakucheka hata mara moja, kwa sababu kiti cha Tanzania kilikuwa kando ya kiti cha Sudan Kusini. Alikisogeza chake mpaka akawa karibu mlangoni. Kibao cha jina la nchi kilikuwa bado mezani. Hakuna aliyetaka kukishika ili akiondoe.

Nikaanza kuita nchi. Burundi ikaitika, Kenya ikaitika, Rwanda ikaitika. Mwongozo wetu unasema nchi isiyojibu iitwe mara tatu kabla ya kuandikwa kwamba haipo. Nilikuwa nimeusahau mstari huo.

"Sudan Kusini," nikaita.

Kimya.

"Sudan Kusini."

Mabati ya paa yakalia kwa joto la mchana. Mutuma akajikunja.

"Sudan Kusini."

 Nilikuwa nikikitazama kile kiti, na kadiri nilivyokitazama ndivyo nilivyoona kama kinanitazama pia. Nelius akaandika: Sudan Kusini haikujibu. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kwamba Sudan Kusini ilikuwa imejibu, kwa simu, siku ya Ijumaa.

Kuanzia siku hiyo nilianza kumsikia. Nilikuwa naosha vyombo, maji yanatiririka, nikasikia karibu na sikio: nina swali dogo tu. Nikageuka, nikaona sufuria. Nilikuwa napiga pasi nguo za wateja, mchana kweupe, watu wakipita nje, nikasikia tena. Shuleni mwalimu wa darasa alipokuwa akisoma rejista, aliita jina langu mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, nami nimekaa pale pale mbele yake nimeduwaa. Aliponigusa bega niliruka. Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nilikuwa nawaza kwamba ndivyo inavyokuwa mtu akiitwa naye hayupo.

Kikao cha Juni kilikuwa kwetu Meru. Nilipoita Sudan Kusini mara ya pili, upepo uliingia dirishani na kile kibao kikaanguka kifudifudi. Wajumbe wawili walipiga mayowe, Burundi akakimbilia nje. Hapakuwa na jambo la ajabu, dirisha lilikuwa wazi na upepo ulikuwa upepo. Lakini sikuweza kuita mara ya tatu. 

Wakati wa chai Nelius alinivuta kando. "Ntinyari, huyo mtu anataka kitu kwako."

"Kwangu? Kwa nini kwangu?"

"Si wewe ndiye unamwita?"

Nilimwambia aache ujinga. Kisha nilienda chooni nikakaa huko mpaka chai ikaisha.

Wiki moja kabla ya kikao kikuu, Mama alinivalisha gauni. Lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kutundika mlangoni, la kijani na manjano, na mabega yamesimama. Akarudi nyuma kunitazama, uso wake ukabadilika.

"Mbona linakupwaya? Nilikata kwa vipimo vyako vya Mei." Akashika kitambaa kiunoni, kikajaa kiganja chake. "Wewe mtoto unakula?"

"Nakula, Mama."

"Basi kinachokula wewe ni nini?"

Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini nikaliangalia gauni, nikaona jinsi alivyokuwa amelipiga pindo kwa mkono, nikanyamaza. Akalipunguza bila kuuliza tena, huku pini zikiwa midomoni mwake.

Siku ya kikao kikuu ukumbi wa kanisa ulijaa. Wazazi walikaa nyuma, wageni wa kaunti mbele, na mwanamume wa redio alikuwa ameweka kinasa sauti chake mezani kwangu. Nje, malori ya Makutano yalikuwa yakinguruma kama kawaida. Mama alikuwa safu ya tatu, amevaa kilemba chake cha harusi za watu. Kiti cha Sudan Kusini kilikuwa mahali pake, na mtu alikuwa amekisimamisha tena kile kibao. Sijui ni nani.

Nikasimama na maikrofoni. Burundi iko. Kenya iko. Rwanda iko.

"Sudan Kusini," nikaita.

Kimya.

"Sudan Kusini."

Niliona Mutuma akifumba macho. Nikavuta pumzi ili nimalize haraka.

"Sudan Kusini."

"Iko," sauti ikasema. "Sudan Kusini iko."

Ilikuwa sauti ile ile. Ile ile inayokwaruza. Maikrofoni iliniponyoka ikagonga meza, mlio wake ukajaa ukumbini. Nelius alishika kichwa. Mutuma aliingia chini ya meza, mpaka leo anasema alikuwa anatafuta kalamu. Mimi nikashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba Ngari amekuja.

Kisha nikamwona. Mlangoni alikuwa amesimama msichana mdogo mwenye sweta ya shule kubwa kuliko yeye, mikono yake imekunjwa mara tatu. Alikuwa na daftari kifuani. Nyuma yake alisimama mwanamke mwembamba mwenye kiondo, viatu vimejaa vumbi jekundu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," msichana akasema, "nina swali dogo tu."

Hakuna aliyecheka.

"Mimi naitwa Ruguru. Ngari alikuwa kaka yangu. Tuliambiwa tungoje barua, tukangoja. Mwalimu Kaimenyi alihamishwa mwezi wa Juni, lakini aliniachia maneno, akasema barua itakuja. Kila Jumatatu niliuliza. Juzi tukasikia kwenye redio kwamba leo ni kikao na mwenyekiti ni Tanzania." Akalikumbatia daftari. "Sisi tulifanya kosa gani mpaka turukwe?"

Mwalimu Marete aliinuka kutoka kiti chake cha pembeni, akatembea mpaka katikati. "Karibuni sana," akasema. "Poleni sana, mama. Kuna kutoelewana hapa. Sisi tuliambiwa kwamba nyinyi hamtaweza muhula huu." Akanigeukia. Alikuwa amevua miwani. "Ntinyari, ni wewe uliyepiga simu. Labda mtandao ulikuwa mbaya? Kule chini simu hukatika katika."

Alikuwa amenifungulia mlango, na mlango wenyewe ulikuwa mpana. Ningesema ndiyo tu. Ruguru mwenyewe alikuwa ameanza kutikisa kichwa kukubali, kwa sababu kweli simu za kwao hukatika. Mama alikuwa akinitazama. Kinasa sauti cha redio kilikuwa kikiwaka taa nyekundu. Nikafikiri, nikisema ndiyo, hii itaisha sasa hivi. Kisha nikafikiri juu ya sauti ile kwenye sufuria na kwenye pasi, nikajua kwamba haitaisha, kwamba nitaisikia nikiwa mtu mzima na watoto wangu.

"Mtandao haukuwa mbaya," nikasema.

Niliisikia sauti yangu mwenyewe ikirudi kutoka ukutani.

"Nilisikia vizuri. Mwalimu Kaimenyi alisema zamu yao wataichukua na kwamba wamemchagua Ruguru. Mimi nilimdanganya Mwalimu Marete. Barua sikuandika. Nilitaka kuwa mwenyekiti wa leo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, lakini sakafu ya kanisa lile ni ya saruji. Watu wakaanza kunong'ona. Mama aliinamisha kichwa, kilemba kikawa ndicho pekee ninachokiona, na hilo liliniumiza kuliko minong'ono yote. Mwalimu Marete alisugua vioo vya miwani kwa shati.

"Mwenyekiti," akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na uchovu, "sasa unafanya nini?"

"Natoa zamu."

Nikashuka kutoka meza ya mbele. Nikatembea mpaka mlangoni, nikampa Ruguru maikrofoni, nikamwonyesha njia. Alipopita karibu nami nilinusa sabuni ya kufulia na jasho la safari. Alikaa kwenye kiti cha mwenyekiti, miguu haikufika chini.

Alianza kuita nchi upya, maana mwenyekiti mpya lazima aite upya. Burundi. Kenya. Rwanda. Kisha akasimama. Macho yake yakaenda kwenye kile kiti kitupu. Yeye sasa alikuwa mwenyekiti, hangeweza kujijibu mwenyewe, na shule yao haikuwa imeleta mtu wa pili. Hawakuwa na nauli ya mtu wa pili. Akatazama wajumbe mmoja baada ya mwingine, na kila aliyetazamwa akatazama viatu vyake. Nelius, rafiki yangu mwenye maneno mengi, alikuwa anasoma ukurasa mtupu.

Niliona uso wa Ruguru ukianza kukunjamana. Alikuwa ametoka kwao gizani asubuhi ili azungumze, na sasa ilikuwa wazi kwake kwamba watoto wale walimwogopa kaka yake.

"Nitakaa mimi," nikasema.

Nikaanza kwenda. Mutuma alinishika gauni kunizuia, nikaondoa mkono wake. Nilivuta kiti, kikakwaruza sakafu. Nikakaa. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mguu mmoja mfupi. Kilitikisika kidogo chini yangu, kisha kikatulia.

"Sudan Kusini," Ruguru akaita.

"Iko," nikajibu.

Akafungua daftari. Lilikuwa la Ngari. Alisoma hotuba ambayo kaka yake alikuwa ameiandika mwezi wa Machi ili aisome siku hiyo, na ndani yake kulikuwa na maswali matatu. La kwanza lilihusu ng'ombe wanaovuka mipaka wakitafuta maji. La pili lilihusu ada za wafanyabiashara wadogo. La tatu liliuliza kwa nini dawa za malaria hufika zahanati za mbali zikiwa zimechelewa, au zisifike kabisa. Hapo Ruguru alisimama kidogo, akafuta uso kwa mkono wa sweta, akaendelea. Mgeni mmoja wa kaunti akatoa kalamu akaanza kuandika, na alipomaliza aliomba jina la zahanati ya kwao. Aliahidi kuipigia simu Jumatatu, na Mwalimu Marete akasema atampigia yeye Jumanne kujua kama alipiga.

Baada ya kikao Mwalimu Marete alituita wajumbe wote, si mimi peke yangu. "Zamani huku Meru," akasema, "makundi mawili ya marika, Kiruka na Ntiba, yalipokezana uongozi. Hawa waliongoza miaka yao, kisha wakawaachia wale. Mnadhani hakuna aliyekufa katikati? Walikufa wengi. Lakini zamu haikuwa mali ya mtu mmoja hata ife naye. Ntinyari alisema uongo, na atalipa: muhula ujao Tanzania itaongozwa na mjumbe mwingine, na yeye ataandika barua zote za Baraza, moja moja, nami nitazisoma kabla hazijatumwa. Lakini nyinyi wengine mliuacha uongo huo upite kwa sababu uliwafaa. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mbona shule ya Ngari haipo. Mlikuwa mmeogopa kiti. Na mimi mlezi wenu nilipaswa kupiga simu ile mwenyewe mara ya pili."

Mama hakunipiga wala hakunigombeza. Alinishika mkono mbele ya watu wote, kwa nguvu, akanipeleka mpaka kwenye benchi ambalo mama yake Ngari alikuwa ameketi peke yake na kikombe cha chai. Watu walikuwa wengi pale uani, lakini kulizunguka benchi lile kulikuwa na nafasi tupu, kama vile amechorewa mstari. Mama akasema pole, akanisukuma mbele, akaenda kusimama kando.

"Mama," nikasema, "nimekuja kuomba msamaha."

"Keti hapa," akasema.

Nikaketi. Alikuwa na sauti ile ile, sasa nikajua walikoitoa.

"Unajua watu hufanya nini wakiniona tangu Aprili?" akaniuliza. "Wanavuka barabara. Sokoni wananipimia ndengu haraka haraka ili niondoke. Jina la mtoto wangu hakuna anayelitaja mbele yangu. Wanafikiri wananionea huruma. Waliposema Ruguru atakuja huku, nilifurahi. Nilisema, huko kuna watoto waliomjua." Akanywa chai kidogo. "Kifo kilimchukua Ngari, na kwa hilo simlaumu mtu. Lakini zamu haikuchukuliwa na kifo, msichana wangu. Uliichukua wewe. Mtu akifiwa, msimruke. Hata kama mnaogopa, mwendeeni, mwiteni, mumpe kilicho chake. Na kama umemkosea, umwambie hivi ulivyoniambia leo. Nimekusamehe. Ila usisahau."

"Sitasahau," nikasema, na machozi yalikuwa yanaangukia lile gauni la kijani.

Nelius alikuwa amekaribia, na Mutuma, na Burundi, wamesimama kwa mbali kidogo bila kujua waweke wapi mikono yao. Mama yake Ngari akawatazama, kisha akanigeukia.

"Mimi sikuwahi kumwona akisimama mbele ya watu," akasema. "Nyumbani alikuwa mkimya. Niambie, alikuwaje hapa?"

Tangu wiki ile ya simu ya Nelius sikuwa nimelitaja jina lile, isipokuwa moyoni. Nikalisema kwa sauti, "Ngari," nikaanza kumweleza jinsi alivyowahi kumuuliza mwenyekiti wa Rwanda maswali mpaka akaomba maji, na mama yake akaweka kikombe chini ili asikie vizuri.